Jina Mwishoni mwa Makala

Kope za marehemu zilikuwa zimeganda barafu.

Nje, jua la Oktoba lilikuwa likiichoma Dodoma tangu asubuhi, na askari waliokuwa wakifunga utepe koridoni walikuwa wakitokwa jasho. Ndani ya chumba cha baridi cha kuhifadhia mbegu, Inspekta Ruthu Ndahani alisikia meno yake yakigongana. Alichuchumaa mbele ya mwili wa mwanamke aliyekaa sakafuni karibu na mlango, magoti ameyakunja hadi kifuani. Ushungi alikuwa ameuvua kichwani na kuuzungushia mikononi. Simu yake ilikuwa mapajani, imezima.

"Nani huyu?"

"Dokta Naima Salehe, afande," alijibu Sajenti Cornel. "Mtafiti wa kituo hiki. Alikuwa anashughulika na sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi na karanga."

Ruthu aliufungua ushungi taratibu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimechubuka. Marehemu aligonga mlango, na aligonga sana.

Kituo hicho cha utafiti wa nafaka kilikuwa upande wa Zuzu, kando ya reli. Kilifungwa Jumamosi adhuhuri, na sasa ilikuwa Jumatatu. Aliyeukuta mwili ni mtunza mbegu, mzee mwembamba aitwaye Yohane. Walimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Mlango uliukutaje, mzee wangu?"

"Umefungwa. Na pini ipo kwenye mpini."

"Pini inawekwa kwa ndani?"

"Hapana, afande. Kwa nje tu."

"Na aliye ndani anafunguaje?"

"Kuna kitufe. Kiliharibika toka mwaka jana. Tumeomba fundi, hatujamwona. Ndiyo maana tukawekeana sheria: mmoja ndani, mmoja mlangoni. Hakuna anayeingia peke yake. Sheria hiyo aliitunga Dokta Naima mwenyewe."

Ruthu alimtazama Cornel. Marehemu asingevunja sheria yake mwenyewe. Mlangoni palikuwa na mtu.

"Mlinzi wa getini anasemaje?"

"Alimwona Dokta Naima peke yake akiingia na gari Jumamosi alasiri," Cornel alisema. "Mwingine hakuona, na zamu yake iliisha jioni. Lakini upande wa reli uzio una tobo. Wafanyakazi wote hupita hapo wakifuata bodaboda."

Kilio kikasikika koridoni. Mwanamke wa makamo aliyevaa miwani alikuwa ameshikiliwa na wenzake wawili, anataka kupita utepe.

"Niacheni nimwone! Naima! Niacheni!"

Huyo alikuwa Dokta Hilda Mlewa. Yeye na marehemu walisoma pamoja tangu chuo, wakaajiriwa pamoja, na miaka ya mwanzo makala zao zote waliandika pamoja. Kituoni waliitwa mapacha, ingawa mmoja alikuwa Mgogo wa Hombolo na mwingine Msandawe wa Farkwa. Ruthu alimpeleka kwenye chumba kitupu, akamsubiri apate pumzi.

"Pole sana, Daktari. Maswali machache tu. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nzuguni. Kichwa kilikuwa kinaniuma."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Marehemu hakukutafuta kwa simu?"

"Simu yangu haikuwa na chaji. Umeme ulikatika mtaani. Niliiwasha Jumapili asubuhi, nikielekea kanisani." Alivua miwani, akajifuta macho kwa kiganja. "Angenipata, afande. Angenipata ningekuja."

Ruthu alimwamini.

Mkurugenzi wa kituo, Dokta Wilbert Masaka, aliwapokea ofisini huku tai yake imelegea. Aliulizwa alipokuwa Jumamosi, akasema alikuwa Kongwa kwenye harusi ya mpwa wake, na ndiye aliyesimama kutoa nasaha mbele ya ukumbi mzima. Cornel alipiga simu mbili tu, ikathibitika.

"Marehemu alikuwa na ugomvi na mtu hapa?"

Mkurugenzi alifikiri. Kisha akawageuzia kioo cha kompyuta yake. Palikuwa na mchoro wa nukta nyingi zilizounganishwa kwa mistari.

"Siku hizi mtafiti hapandi cheo kwa kusifiwa na bosi wake," alisema. "Tunaangalia makala zake zimenukuliwa na watafiti wengine mara ngapi, na ameshirikiana na akina nani, wa nchi gani. Kila nukta hapa ni mtafiti. Kila mstari ni kazi waliyoandika pamoja. Nukta ikiwa kubwa, ujue mtu huyo ananukuliwa sana."

Katikati ya mchoro palikuwa na nukta mbili kubwa kuliko zote. Mstari uliounganisha nukta hizo ulikuwa mnene kama kamba.

"Naima na Hilda," Ruthu alisema.

"Ndio hao. Wamebebwa na makala moja. Njia ya kukausha mahindi haraka, kwa kuyafunika na maturubai meusi, ili sumukuvu isipate nafasi. Walijaribu misimu miwili, mmoja mkavu na mmoja wenye mvua wakati wa mavuno. Imenukuliwa zaidi ya mara mia tisa. India, Brazil, Nigeria, wote wanaitaja. Mabwana shamba wetu wanaifundisha vijijini."

"Ukiiondoa makala hiyo?"

"Naima ana nyingine nyingi. Angetikisika, asianguke."

"Na Hilda?"

Mkurugenzi alihamisha kalamu kutoka upande mmoja wa meza kwenda mwingine. "Hilda hakuandika sana baada ya ile. Nukta yake ingebaki kama tundu la sindano."

"Kuna mtu alitaka kuiondoa?"

"Naima. Alikuja hapa Ijumaa, hajalala, macho mekundu. Masika iliyopita mvua ilichelewa kukata huko kwao Farkwa. Binamu yake alikausha mahindi kwa njia hiyo hiyo, kama alivyofundishwa. Watoto wake wawili walikula, wakavimba matumbo, macho yakawa ya manjano. Wamezikwa wote wawili. Naima alikuwa mazishini. Aliniambia anataka kuliandikia jarida makala iondolewe, kwa sababu takwimu za msimu wa pili, ule wa mvua, hazikupimwa. Zilibuniwa."

"Nani alizibuni?"

"Yeye. Alisema ni yeye mwenyewe, na yuko tayari kuacha kazi. Nilimwomba asubiri mpaka Jumatatu tukae na wanasheria." Alikaza tai yake iliyolegea. "Jumatatu ndiyo leo."

Ruthu alirudi kwenye chumba cha baridi. Mwili ulikuwa umeshachukuliwa. Sakafuni, hatua chache kutoka pale marehemu alipokuwa amekaa, palikuwa na sanduku la plastiki lililotolewa rafuni. Ubavuni liliandikwa: Msimu wa pili. Halikuwa na punje hata moja.

"Mzee Yohane, humu kulipaswa kuwa na nini?"

"Sampuli, afande. Kila msimu unaopimwa, mahindi kidogo huhifadhiwa kwa ushahidi. Mimi masanduku ya watafiti sifungui. Nalihesabu likiwa limefungwa, nalirudisha."

Ruthu alisimama akilitazama sanduku lile. Mtu aliyebuni takwimu kwa mkono wake haji kuchungulia kama sanduku ni tupu. Anajua. Naima alikuja kuhakikisha jambo alilolihisi tu. Ijumaa alijitwisha kosa, na Jumamosi ndipo alipokuja kuliona kosa lenyewe.

"Msimu wa pili ulikuwa chini ya nani?"

"Wa kwanza alisimamia Dokta Naima. Wa pili Dokta Hilda." Mzee alisita. "Lakini mwaka ule, afande, usimhukumu mtu kwa mwaka ule. Alikuwa na mtoto, Rose. Alimwuguza msimu mzima, na akamzika."

Alasiri hiyo Bi. Stumai, mama yake Naima, alifika kutoka Farkwa kumtambua mwanawe. Alikuja na kaka yake, lakini aliyemshika mkono kuingia chumba cha kuhifadhia maiti alikuwa Hilda. Daktari alikuwa amemaliza uchunguzi. Kifo kilisababishwa na baridi kali, na hapakuwa na jeraha jingine zaidi ya michubuko ya mikono.

Shuka lilipofunuliwa, bibi yule hakulia. Aliinama akamwambia mwanawe maneno kwa Kisandawe, ulimi ukipiga vidoko kwenye meno na kaakaa, kwa sauti ya chini kama mtu anayebembeleza mtoto asiamke. Hilda alitoka mbio akatapika uani.

Ruthu alimletea bibi kiti.

"Shikamoo, mama. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naima aliondoka kwako Jumamosi?"

"Baada ya chakula. Alisema ana kazi, atarudi keshokutwa. Hakurudi."

"Hakupiga simu tena?"

"Yeye hakupiga. Hilda ndiye alinipigia, jioni ile, jua likizama. Akanisalimu, akawa analia. Nikamwuliza una nini, akasema amenikumbuka." Bibi alitazama mlango aliotokea Hilda. "Huyu ni mtoto wangu vilevile. Nakushukuru umemruhusu aje nami."

Ruthu aliinamisha kichwa asionekane uso.

Kesho yake asubuhi rekodi za kampuni ya simu zilifika. Ruthu alizisoma amesimama, akazisoma tena ameketi. Wakati huo huo, Farkwa, watu walikuwa wanachimba kaburi.

"Kamlete, Cornel," alisema.

Hilda aliletwa kituo cha polisi akiwa amevaa kanga ya msiba. Alikuwa anajiandaa kwenda mazikoni. Ruthu alimweleza kwamba anahojiwa kama mtuhumiwa, kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba anaweza kuwa na wakili.

"Wakili wa nini?"

"Ulisema simu yako haikuwa na chaji Jumamosi."

"Ndiyo."

"Bi. Stumai anasema ulimpigia."

Hilda alivuta kanga mabegani.

"Rekodi zinasema hivyo hivyo. Na zinasema simu yako ilikuwa Nzuguni, inaita. Kuanzia saa kumi alasiri kuna namba moja iliyokuwa inakupigia. Inakata, inapiga tena. Mpaka magharibi."

"Basi."

"Mtandao mle ndani ni wa kusuasua, lakini simu ilikuwa inatoka. Hakumpigia mlinzi. Hakumpigia mkurugenzi. Hakuwapigia polisi. Mtu anakufa kwa baridi, na anapiga namba moja tu. Nimejiuliza asubuhi yote kwa nini."

"Basi, afande."

"Kwa sababu angekuja mtu mwingine, huyo mtu angeuliza nani ameweka pini."

Hilda aliziba masikio kwa viganja. Ruthu alisubiri mpaka alipoishusha mikono.

"Ulijua alikwenda kwa mkurugenzi Ijumaa?"

"Nilijua. Alikwenda kunishtaki."

"Alikwambia hivyo?"

"Hakuniambia. Nilijua tu. Msimu wa pili ulikuwa wangu. Angesema nini kingine?"

"Alisema takwimu alizibuni yeye. Alisema ataacha kazi."

"Si kweli."

"Mkurugenzi ameandika maelezo yake na kuapa."

"Si kweli!"

Hilda alimtazama usoni akitafuta dalili ya hila, asiione. Kichwa chake kikashuka polepole mpaka paji la uso likagusa meza. Sauti iliyomtoka haikuwa kilio. Cornel, aliyekuwa akiandika, aliweka kalamu chini akageukia dirishani.

Ilichukua muda mrefu. Alipoinua kichwa, alizungumza kama mtu aliyechoka kubeba kitu.

"Alinipigia akiwa njiani kutoka Farkwa. Akasema tukutane chumba cha baridi. Nilipita upande wa reli. Akaingia, mimi nikabaki mlangoni, kama kawaida yetu. Akalitoa lile sanduku, akafungua, akaliangalia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, 'Hilda, lazima tuiondoe.' Nikamwambia tuisahihishe, tuongeze maelezo, tufanye lolote, ila tusiiondoe. Akasema, 'Watoto wamekufa.' Nikamwambia, na wangu je?"

"Ulikuwa na maana gani?"

"Umeisoma ile makala, afande?"

"Kurasa za mwanzo."

"Ukifika mwisho, chini ya majedwali, pana shukrani. Tunawashukuru wakulima, tunamshukuru fundi wa maabara. Halafu kuna mstari peke yake: 'Kwa Rose.' Mwanangu alizaliwa na moyo wenye tundu. Msimu wa pili wote nilikuwa wodini, na mvua inanyesha, na mahindi yananisubiri shambani. Naima alidhani nimeweka mtu wa kupima. Sikuweka. Sikukumbuka hata kama kuna mahindi duniani. Rose alipokufa nilirudi kazini, Naima akasema usijali, lete ulichonacho. Sikuwa na kitu. Nikakaa nikaandika namba kutoka kichwani. Nilizifanya zifanane na zake. Nilitaka tu siku ile iishe."

"Na ikawa ndiyo makala iliyowapa jina."

"Mimi jina silihitaji. Mkurugenzi amekuonyesha nukta zake, sivyo? Anadhani kila mtu analala akiota nukta." Alitikisa kichwa. "Simu iliyokuwa na picha za Rose iliibiwa sokoni. Kaburi lake liko Hombolo, msalaba umeliwa na mchwa. Baba yake alishaoa. Hakuna mtu anayemtaja. Ila kila makala ile iliponukuliwa nilijisemea, mtu mwingine amefungua ukurasa wenye jina la mwanangu. Mtu wa Brazil. Mtu wa India. Unajua makala ikiondolewa inakuwaje?"

"Inafutwa."

"Haifutwi. Inabaki pale pale, na kila ukurasa unapigwa neno kubwa jekundu kukatiza katikati: IMEONDOLEWA. Kila ukurasa, afande. Hata ule."

Cornel aliichukua kalamu yake tena.

"Endelea," Ruthu alisema taratibu.

"Nikausukuma mlango. Nilitaka anyamaze. Nilisema nitafungua akikubali. Akaanza kugonga. 'Hilda. Hilda, baridi. Hilda, fungua tuongee.' Nikaweka pini, nikaondoka ili nisimsikie. Nyumbani simu ikaanza kuita. Niliiweka mezani nikakaa mbele yake. Kila ikiita nasema, ikiita tena nitakwenda. Inaita tena, nasema hivyo hivyo."

"Kwa nini ulimpigia mama yake?"

"Nilitaka aniulize Naima yuko wapi. Nilidhani akiniuliza, sitaweza kumdanganya mama, nitarudi kufungua. Hakuniuliza. Aliniuliza kama nimekula."

Alikunja pindo la kanga, akalikunjua.

"Nilirudi kituoni usiku ule. Simu ilikuwa imeacha kuita. Nikaweka mkono kwenye mpini. Ndani kimya. Nikaogopa kumwona. Nikarudi nyumbani." Alimtazama Ruthu. "Angeniambia tu kwamba amejitaja yeye. Mbona hakuniambia?"

"Pengine alikuwa anakuja kukwambia."

Hilda alitia sahihi maelezo yake bila kuyasoma. Akaomba jambo moja, aende mazikoni hata kwa pingu. Ruthu alimwambia haiwezekani.

Wiki hiyo mkurugenzi aliliandikia jarida, na mabwana shamba wakatumwa vijijini kuwaambia watu waache ile njia ya maturubai. Siku mbili baada ya mazishi Ruthu aliendesha gari mwenyewe mpaka Farkwa. Angeweza kumtuma askari wa kituo cha huko. Hakutaka.

Bi. Stumai alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa msiba. Waliondoka mmoja mmoja, wakawaacha wawili. Ruthu alimweleza yote. Hakuficha sanduku, wala simu, wala mtoto.

Bibi alisikiliza akitazama mikono yake.

"Mwaka aliofiwa na Rose alikuja hapa," alisema hatimaye. "Hakuwa anakula. Nilimlaza kitandani kwangu, mimi na Naima tukalala chini. Nikamnywesha uji kwa kijiko." Alinyoosha pindo la mkeka. "Mwanangu alipokuwa anagonga, alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa anamwita jina lake, mama. Anamwomba wazungumze."

"Hakumtukana?"

"Hakumtukana."

"Basi alikufa bila kumchukia."

"Nadhani ndivyo, mama."

"Mwambie mimi namchukia," alisema Bi. Stumai. "Usisahau kumwambia."

Kisha akajifunika kanga usoni, akaanza kulia kwa lugha yake. Ruthu hakukijua Kisandawe. Lakini majina aliyasikia, na yalikuwa mawili.